JOTO LA JIKO LA MAKAA NA USALAMA WA UBAVU WAKE

Jiko la makaa lina kazi mbili: kulipeleka joto kwenye sufuria, na kulizuia lisitoroke kwingineko. Kazi ya pili husahauliwa mpaka mtoto anapougusa ubavu wa jiko akaungua. Hebu tuichunguze.

Joto husafiri kwa mpitisho, myuko na mnururisho. Katika jiko la bati tupu, makaa hunururisha joto kwenye bati, nalo bati hulipitisha hadi nje mara moja. Uwezo wa ukuta kuzuia mpitisho hupatikana kwa kugawanya unene wake, kwa mita, kwa kipimo cha upitishaji joto cha mata yake. Kwa chuma cha kawaida kipimo hicho ni 50 hivi. Kwa udongo uliochomwa, karibu 0.7. Basi:

Bati la milimita 1: 0.001 ÷ 50 = 0.00002
Udongo wa milimita 25: 0.025 ÷ 0.7 = 0.036

Uzuizi wa udongo huo ni takriban mara 1,800 ya ule wa bati.

Kanuni hii ndiyo iliyotumika katika jiko la kauri la Kenya, lililobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand. Kauri hukaa ndani ya bati lenye kiuno, ikishikizwa kwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini yanayofura yakichomwa na kunasa hewa ndani yake. Hewa iliyotulia ni kihami bora kuliko udongo. Hata hivyo, jiko likiwaka kwa muda mrefu, bati la nje bado huweza kuunguza: kihami hupunguza mwendo wa joto, hakiukomeshi.

Tena, halijoto peke yake haitoshi kupima hatari. Kidole kikigusa chuma kinene chenye nyuzi 70 za Sentigredi, ngozi hufikia mara moja karibu nyuzi 67. Kikigusa udongo wenye nyuzi hizo hizo, ngozi hufikia karibu 51 tu. Chuma huleta joto upesi kutoka ndani yake, udongo hukawia. Ndiyo maana mpini wa mbao ni salama kuliko wa chuma.

Jaribio: Chukua makopo mawili yaliyo sawa. Weka moja ndani ya kopo kubwa, ujaze majivu makavu katikati. Mwalimu amimine maji ya moto kiasi kilekile katika yote mawili, kisha wanafunzi wapime halijoto kila baada ya dakika 5 na kuchora grafu.

Mwisho, tahadhari. Ubavu uliopoa usimshawishi mtu kuliingiza jiko chumbani na kufunga madirisha. Kihami hakizuii kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua. Jiko salama ni lile lisilounguza, lililowekwa mahali penye hewa ya kutosha.