Kombolela, Daudi na Pigo la Kimyakimya



Kama umekulia Mbagala, Tandika, Tegeta au Mwananyamala, kombolela unaijua. Mmoja anafumba macho kwenye nguzo ya umeme na kuhesabu, wengine wanapotea: nyuma ya tangi la maji, chini ya meza ya muuza chipsi, juu ya mwembe wa watu. Mtafutaji akikuona anakimbilia nguzo na kutaja jina lako, umekamatwa. Ila akizubaa, aliyebaki mafichoni ananyata, anaigusa ile nguzo, anapiga kelele, na wote waliokamatwa wako huru. Kwetu tulibadilishana hadi mashati ili mtafutaji akosee jina. Umeme ukikatika ndiyo raha yenyewe.

Nimeikumbuka kwa sababu ya mchezo mwingine. Mimi na washkaji wanne huwa tunacheza Dungeons & Dragons Jumamosi jioni. Ni mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi, ulitoka Marekani mwaka 1974. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake, na dadu ndiyo inaamua kama ulichojaribu kimefanikiwa. Dadu za nyuso 20 hatuna, tunatumia programu ya simu. (Shangazi yangu aliuliza kama ni uchawi. Hapana, shangazi, ni hesabu nyingi na kelele.)

Mhusika wangu ni mwizi, na kazi ya mwizi ni kunyata na kupiga kabla hajaonekana. Kwa kanuni za toleo la mwaka 2014, ambazo ndizo tunazotumia, unarusha dadu na kujumlisha wepesi wako, halafu jumla inapimwa na umakini wa kila adui, unaoanzia 10. Ukivaa deraya ya minyororo unarusha mara mbili na kuchukua namba ndogo, maana chuma kinalia. Asiyekugundua anashtukizwa: zamu yake ya kwanza hasogei, hafanyi chochote. Hapo mwizi anaongeza madhara, dadu 1 ya nyuso 6 akiwa mchanga, hadi dadu 10 akifika ngazi ya 19. Lazima iwe silaha nyepesi kama kisu, au ya mbali kama upinde. Rungu halikubaliki.

Kuna kanuni mbili ambazo nilizisoma haraka haraka, zikaja kunikaba baadaye. Moja: ukishapiga, umpate au umkose, umejulikana ulipo. Kujificha kumeisha. Ya pili: pigo la mkononi likimwangusha adui, hapo hapo unaweza kuamua azimie tu, asife. Uamuzi ni wako, si wa dadu.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Mwaka jana niliomba nirudishiwe mchango wangu wa safari ya hija Pugu. Mweka hazina wa kikundi chetu cha vijana, dada mmoja aliyenizidi umri, akanijibu kwa upole kwamba gari limeshalipiwa. Nilikasirika. Nikachukua laini yangu ya pili, ambayo hakuna aliyekuwa na namba yake, nikaandika kwenye kundi la WhatsApp nikiuliza pesa za hija zinaliwa na nani. Sikutaja jina, na haikuhitajika. Baada ya wiki mbili alikabidhi daftari na risiti zote, hesabu ikatimia hadi shilingi ya mwisho, naye akaacha kuja.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inatofautisha mambo ambayo sisi kitaani tunayaita yote “umbea”. Kufichua kosa la kweli la mtu kwa wasiolijua, bila sababu ya haki, ni kosa moja. Kusema la uongo linalomharibia jina ni kosa jingine. Langu lilikuwa hilo la pili, na lilikuwa na giza juu yake. Torati ina neno la pekee kwa mtu wa namna yangu: kati ya laana za Kumb 27, aya ya 24 inamlaani anayempiga mwenzake kwa siri. Na Kut 21:14 inasema aliyemvizia jirani na kumuua kwa hila aondolewe hata kama amekimbilia madhabahuni. Hiyo ya madhabahuni iliniuma, maana Jumapili iliyofuata nilisoma somo la kwanza pale mbele.

Halafu yupo Daudi. Sauli anamsaka na watu 3,000, anaingia peke yake kujisaidia kwenye pango la Engedi, kumbe Daudi na watu wake wamo ndani (1Sam 24). Wanamwambia ndiyo siku yenyewe hii. Yeye ananyata, anakata pindo la vazi, basi. Na hata kwa hilo pindo moyo unamchoma! Sura ya 26 anaingia usiku kambini. Abishai anaomba ruhusa ya pigo moja tu la mkuki, la pili halitahitajika. Daudi anakataa, anachukua mkuki na chombo cha maji, anaondoka.

Tunapenda kuhubiri kwamba Daudi alisamehe, ni kweli. Mimi nimeangalia zaidi anachofanya baada ya hapo. Mara zote mbili anatoka, anasimama panapoonekana, anaita kwa sauti yake na kuonyesha alichochukua. Anajitaja mwenyewe akijua kwamba upande wa pili kuna jeshi. Mimi niliyekuwa na laini ya pili nilikuwa bado nyuma ya tangi la maji.

Kujificha kwenyewe si dhambi, tusitishane bure. Kombolela nzima ni kujificha, ila anayenyata anamnyatia nguzo, si mtu, na anapofika anapiga kelele ili wenzake watoke. Hata neno lenyewe ni la kukomboa. Tunapokiri katika Kanuni ya Imani kwamba Kristo alishukia kuzimu, mimi huwa naona hiyo picha: ameingia kimya walikofungwa, ili watoke.

Nilienda kitubio. Padre aliniondolea, halafu akanikumbusha kwamba deni limebaki. Namba 2487 inasema wazi kuwa kosa dhidi ya ukweli linadai fidia hata kama aliyetenda amesamehewa. Na kama nililisema mbele ya watu, linarekebishwa mbele ya watu.

Ilinichukua siku 11. Niliandika kwenye kundi lile lile, kwa namba yangu ya kawaida, jina langu kamili, kwamba ule ujumbe ulikuwa wangu na ulikuwa uongo. Kabla ya hapo nilikwenda kwao kumwambia mwenyewe. Mama yake alinikaribisha soda. Dada alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Nilidhani ni mtu mwingine. Nilimchukia bure mwaka mzima.” Huyo mwingine sikuwa nimemfikiria kabisa. Jumapili hii nina miadi naye baada ya Misa ya pili.