Taa ya Injini Inapowaka Tena Baada ya Gari Kutengenezwa

Mteja amelipeleka gari lake kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza, amelipa, amekabidhiwa funguo na kuambiwa kwamba kasoro imeondolewa. Siku nne baadaye, taa ya manjano yenye umbo la injini inawaka tena kwenye dashibodi. Analirudisha gari, taa inazimwa, inawaka tena. Kufikia mara ya tatu anaambiwa kwamba hilo ni tatizo jipya ambalo lazima lilipiwe upya, naye hana la kujibu kwa sababu hana karatasi yoyote mkononi. Sura hii inakusudia kumpa la kujibu.

Kwanza ifahamike kwamba taa hiyo haikitaji kifaa kilichoharibika. Kompyuta ya gari hupokea vipimo kutoka kwa sensa nyingi: joto la injini, kiasi cha hewa inayoingia, oksijeni iliyosalia katika moshi. Kipimo kinapotoka nje ya mipaka iliyowekwa, kompyuta huhifadhi msimbo wenye herufi moja na tarakimu nne, kisha huwasha taa. Msimbo huo hueleza kipimo, hautaji kipuri cha kununuliwa.

Tuchukue mfano wa msimbo P0171. Maana yake ni kwamba mchanganyiko unaoingia katika injini una hewa nyingi kuliko petroli inayohitajika. Huenda mpira fulani umepasuka na unavuta hewa, huenda pampu ya petroli imedhoofika, huenda sensa ya hewa imechafuka. Fundi anayesoma msimbo huo na papo hapo kubadilisha sensa ya oksijeni amekibadilisha kifaa kilicholeta habari, na mpira uliopasuka bado uko pale pale. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Katika baadhi ya gereji huuawa, tena kwa gharama ya mteja.

Msimbo P0420 huwa ghali zaidi. Huo husema kwamba kifaa cha kusafisha moshi, kilichomo katika ekzosi, hakifanyi kazi yake ipasavyo. Mara nyingi kifaa hicho huwa kimeharibiwa na kitu kingine, kama vile plagi au koili mbovu inayoacha petroli ipite bila kuungua, au injini inayokula oili. Mteja akiuziwa kifaa kipya huku chanzo kikiachwa, kile kipya nacho kitaharibika. Isitoshe, tundu dogo katika ekzosi linaweza kuidanganya sensa na kuleta msimbo huo huo. Kwa hiyo, kabla ya kukubali gharama hiyo, ni haki ya mteja kuuliza: mmepima nini hata mkafikia uamuzi huu?

Kwa nini basi taa huzimika na kurudi baada ya siku kadhaa? Kufuta msimbo kwa mashine ni kazi ya dakika moja, na si matengenezo. Katika magari mengi hata kuondoa waya wa betri hutosha. Baada ya kufutwa, kompyuta huanza upya kujikagua, na baadhi ya vipimo vyake huhitaji injini iliyowashwa ikiwa baridi, mwendo usiobadilika kwa muda, au tangi lisilojaa sana wala kukaribia kukauka. Kasoro nyingi, tena, ni lazima zionekane katika safari mbili tofauti kabla taa haijawaka. Ndiyo maana siku hizo nne za utulivu hazithibitishi kwamba gari lilipona. Mteja aombe kuonyeshwa, kabla ya kulichukua gari, kwamba ukaguzi huo wa ndani umekamilika na hakuna msimbo unaosubiri kuthibitishwa. Mashine ile ile iliyosoma msimbo huonyesha hayo yote.

Taa ikianza kumweka badala ya kuwaka tu, mambo ni tofauti. Hiyo ni dalili kwamba petroli haiungui vizuri kiasi cha kuweza kuharibu kifaa cha kusafisha moshi. Punguza mwendo, simama mahali salama, wala usiendelee na safari.

Taa inaporudi, usikubali msimbo ufutwe kabla haujaandikwa. Piga picha ya dashibodi ikionyesha taa pamoja na kilomita, kisha taka msimbo uandikwe kwenye karatasi ya kazi, pamoja na tarehe. Hapo ndipo shauri lote huamuliwa. Msimbo ukiwa ni ule ule wa awali, hoja ya tatizo jipya inakosa nguvu, kwani kazi uliyoilipia haikufikia chanzo. Ukiwa tofauti, tuwe waadilifu kwa fundi: huenda kweli ni kasoro nyingine. Lakini pia yawezekana ni mpira ulioachwa bila kufungwa au plagi ya waya isiyochomekwa sawasawa wakati wa kazi ile ya kwanza, na hilo hukaguliwa bila malipo.

Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu mahususi kuhusu ukarabati wa magari. Gereji hutakiwa kutoa makadirio ya gharama, na haipaswi kudai zaidi ya makadirio hayo kwa kiasi kinachozidi asilimia 10. Mteja ana haki ya kurudishiwa vipuri vilivyotolewa. Vidai, hata kama huna haja navyo; sensa ya zamani iliyomo mkononi mwako ni ushahidi kwamba ilibadilishwa. Vipuri vilivyofungwa pamoja na kazi ya kuvifunga huchukuliwa kuwa vina dhamana ya siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia. Ndiyo sababu tumesisitiza picha ya kilomita.

Lalamiko lako kwa gereji liwe kwa maandishi, fupi, lisilo na matusi. Kwa mfano: “Tarehe fulani mlibadilisha sensa ya oksijeni kwa sababu ya msimbo P0171. Tarehe fulani, baada ya kilomita 310, msimbo huo huo umerudi. Naomba mchunguze chanzo chake bila kunitoza tena, na mnipe matokeo ya vipimo kwa maandishi katika muda wa siku saba.” Ambatisha nakala, ubaki na asili.

Wakikataa, lipeleke gari kwa fundi mwingine asiyehusiana nao, alipime tu bila kulitengeneza, na aandike alichokiona. Akilifungua na kulirekebisha kabla ya hapo, gereji ya kwanza itasema kwamba yeye ndiye aliyeliharibu. Ukiwa na ripoti hiyo, unaweza kudai fedha zako katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Si lazima kuwa na wakili. Nenda na makadirio, ankara, picha za dashibodi, barua yako na ripoti ya fundi wa pili, vikiwa vimepangwa kwa kufuata tarehe.