Hulka yako na namna unavyoshika dini

Je, msomaji, unaposhika njia kwenda kanisani au msikitini, unafuata nini huko? Usiharakishe kujibu. Swali hili limewashughulisha wataalamu wa saikolojia kwa miaka mingi, na linagusa afya yako.

Mwaka wa 1967, Gordon Allport wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na mwenzake walieleza aina mbili za waumini. Kuna yule ambaye dini ndiyo maisha yake: husali hata pasipo mtu wa kumwona. Na kuna yule anayeitumia dini ili apate heshima mtaani, marafiki, au faraja siku ya dhiki. Wengi wetu tumo katikati, na si aibu kukiri.

Hulka nayo huingia wapi? Mwaka wa 2002, Vassilis Saroglou wa Ubelgiji alikusanya uchunguzi wa wataalamu mbalimbali na kuupima pamoja. Ilionekana kuwa watu wa dini huelekea kuwa wapole kwa wenzao na makini katika shughuli zao. Wale wa kuitumia dini walielekea kuwa na wasiwasi zaidi, na wenye msimamo mkali walikuwa wazito kupokea mawazo mapya. Lakini elewa kwamba uhusiano huo ni mdogo. Huwezi kumwona jirani ameshika rozari au tasbihi ukadai unaijua hulka yake. Wala uchunguzi huo hausemi kilichotangulia ni kipi, hulka au dini.

Tatizo liko hapa. Mtu mwenye hulka ya wasiwasi hukesha akiomba, na alfajiri moyo bado unamdunda. Akisimulia, huambiwa imani yake ni haba. Sasa ana mizigo miwili: wasiwasi na hatia. Kwa maoni yangu huo ni ukatili, hata ukisemwa kwa nia njema, kwani hulka hiyo kwa kiasi fulani hurithiwa, kama kimo.

Ikiwa kwa wiki mbili hupati usingizi, chakula hakipiti, au unaamini Mungu anakuadhibu, nenda zahanati ukayaeleze hayo yote bila kuficha. Kusali endelea. Na kama tayari umepewa dawa, usiziache kwa sababu umeombewa ukajisikia nafuu. Mwone daktari kwanza.