Sumukuvu: "usile mahindi yenye ukungu" haitoshi

Wengi wetu tumekulia ugali, na tukipiga simu nyumbani hatukosi kuuliza mavuno vipi. Safari hii tuongee juu ya sumu inayoweza kuingia kwenye mavuno hayo.

Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani mashariki mwa Kenya, watu walianza kufika hospitali macho yakiwa ya manjano, wengine matumbo yamejaa maji. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 317, na 125 kati yao walifariki. Ini lilikuwa limeharibika. Wachunguzi walipouliza, wakakuta kwamba waliougua walikuwa na tabia zaidi ya kuweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Mwaka 2016 balaa hilo hilo likaingia Dodoma na Manyara, Tanzania.

Sumu yenyewe ni aflatoksini, na Tanzania imezoeleka kwa jina la sumukuvu. Hutolewa hasa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus, na humo ndimo jina lilimotoka. Wanaosoma Uingereza wajue kuwa iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa huko mwaka 1960. Walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga.

Sasa, ujumbe unaofika vijijini mara nyingi ni huo mmoja: usile mahindi yenye ukungu. Kwangu mimi huo ni nusu ya ujumbe. Punje inaweza kuonekana safi kabisa na sumu imo. Kupika hakuiondoi, hata ugali uchemke vipi. Kukoboa kunapunguza tu. Halafu, jamani, mwenye njaa atamwaga gunia zima? Atampa ng'ombe, na sumu itarudi kwenye maziwa ya watoto. Tena anayekula kidogo kidogo kwa miaka haanguki leo. Hatari yake ni saratani ya ini, hasa akiwa na homa ya ini aina ya B.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kukausha, mapema, juu ya turubai na si ardhini, hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13 hivi. Kipimo cha dukani ni ghali, lakini chumvi ipo kila jiko. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi hadi theluthi yake, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, kwa hiyo yaanikwe siku moja au mbili zaidi ndipo yaingie gunia, na gunia likae juu ya mbao.

Waelezeni wazee kabla ya kuvuna. Mahindi yakishaingiwa na sumu, jua haliitoi.