Kizito na Chepesi Katika Kuanguka: Tungamo, Uzito na Mijengo ya Hurlingham

Katika mtaa wa Hurlingham, jijini Nairobi, maghorofa yamechukua nafasi ya nyumba nyingi za zamani zilizozungukwa na bustani. Palipo na mjengo, swali la kale la fizikia huwa na uzito wa aina yake: jiwe la ujenzi la kilo 10 na bolti ya gramu 50 vikiponyoka kwa pamoja kutoka kimo cha mita 20, kipi kitatangulia kufika chini?

Aghalabu hujibiwa kuwa ni jiwe. Aristotle naye alifundisha vivyo hivyo. Galileo Galilei aliipinga fikra hiyo kwa hoja ambayo mwanafunzi wa lugha ataifurahia, kwani haihitaji maabara. Jiwe zito na jiwe jepesi yafungwe pamoja. Iwapo jepesi huanguka polepole, litalichelewesha zito. Lakini mawe hayo yakiungana ni mzigo mzito zaidi, hivyo yangepaswa kuanguka upesi kuliko lile zito likiwa peke yake. Dai moja limezaa majibu mawili yanayokinzana, halisimami.

Utata mwingine umo katika Kiswahili cha kila siku, ambacho hulibebesha neno uzito maana mbili. Muuza viazi hutaja uzito wa kilo 2, ilhali kilo hupima tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo katika kitu. Uzito, kwa istilahi ya fizikia, ni nguvu ambayo dunia hukivutia kitu hicho, nayo hupimwa kwa nyutoni. Maana hizo zikitenganishwa, fumbo hufumbuka. Tungamo la jiwe ni mara 200 ya lile la bolti, kwa hiyo jiwe huvutwa kwa nguvu mara 200. Hata hivyo, tungamo hilo hilo hulifanya jiwe kuwa kaidi mara 200 katika kubadili mwendo. Mchapuko hubaki mmoja, takribani mita 9.8 kwa sekunde mraba. Nairobi hupungua kidogo tu, kwa kuwa jiji liko karibu na ikweta na zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari.

Hewa ndiyo huvuruga somo. Mfuko mtupu wa saruji ukiachiliwa ukiwa umekunjuliwa hupeperuka. Ukifinyangwa kuwa donge huanguka upesi, ingawa tungamo lake halijabadilika hata gramu moja. Mwezini, pasipo hewa, mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliangusha nyundo na unyoya mnamo Agosti 2, 1971, vikatua pamoja.

Kwa jiwe na bolti, ukinzani wa hewa katika kimo cha mita 20 ni mdogo mno. Vyote hufika baada ya sekunde 2 hivi, kwa kasi inayokaribia kilomita 71 kwa saa. Kinachotofautiana ni pigo: jiwe hutua na nishati mara 200 ya bolti. Kibarua aliye chini, akidhani kuwa kitu kidogo humpa muda zaidi wa kukwepa, amejidanganya. Sekunde ni zile zile 2, na ukelele wa kumwonya huwa umekula sehemu yake kabla hajainua macho.