Somo la 9: Ufunguo wa Bandia

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Zab. 139:13-16, 1 Kor. 6:12, 19, 20, Rum. 7:15-25, Hab. 2:15, Mk. 8:22-25, Gal. 6:1, 2.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 6:12.

Karibu kila kanisa lina habari ya namna hii. Mtu anahudhuria mikutano ya hadhara, anaguswa na neno, anakanyaga pakiti yake ya sigara mbele ya watu wote, anabatizwa. Washiriki wanasema “Amina!” Majuma matatu baadaye anaonekana nyuma ya duka akivuta, na kabla jua halijazama habari imemfikia mzee wa kanisa. Hapo hutolewa moja ya hukumu mbili: hakuongoka kweli, au hana nia.

Kanisa la Waadventista Wasabato limeipinga tumbaku tangu mwanzo wake, na humtaka kila mwanafunzi wa darasa la ubatizo aiache. Msimamo huo haujadiliwi juma hili. Linaloulizwa ni jambo jingine: ni nini kimetendeka ndani ya seli za ndugu huyu aliyeanguka, na je, wale wanaomhukumu wanakijua?

JUMAPILI
Mlango Ulioumbwa

Soma Zaburi 139:13-16. Daudi alistaajabia nini kuhusu mwili wake, ingawa hakuwahi kuona hata seli moja?

Inua kidole chako. Ili tendo hilo dogo lifanyike, neva imemwaga kemikali iitwayo asetilikolini juu ya msuli. Kemikali hiyo haiingii ndani ya seli ya msuli. Inabisha mlangoni tu. Juu ya ngozi ya seli kuna protini maalumu ambazo wataalamu huziita vipokezi, na kila kipokezi cha aina hii kimejengwa kwa vipande vitano vilivyosimama kwa duara, katikati yake pakiwa na njia nyembamba mno. Asetilikolini ikikaa mahali pake, kama ufunguo ndani ya kitasa, njia inafunguka, chembe za sodiamu zenye chaji ya umeme zinaingia, na seli inaitika. Kisha kimeng'enya kilichopo hapo hapo huivunja asetilikolini kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na mlango hufungwa. Kufungwa huko ni muhimu sawa na kufunguka. Msuli usioachiliwa haufai kitu.

Vipokezi vya jamaa hiyo viko pia ndani ya ubongo, ambako hushughulika na usikivu, kumbukumbu, kuamka, na hali ya kuridhika.

Jambo la kushangaza ni kwamba wanasayansi walifikia wazo la vipokezi kwa msaada wa sumu ya tumbaku. Mwaka 1905, John Newport Langley wa Cambridge, Uingereza, alieleza jinsi alivyotia nikotini kwenye misuli ya kuku. Msuli ulikaza hata pale neva yake ilipokuwa imekufa. Akahitimu kwamba ndani ya seli yenyewe lazima pawepo kitu cha kupokea. Hadi leo milango hiyo hubeba jina la nikotini katika vitabu vya tiba, ingawa haikuumbwa kwa ajili yake.

JUMATATU
Mgeni Mwenye Ufunguo

Mmea wa tumbaku hutengeneza nikotini katika mizizi yake na kuipeleka kwenye majani. Kazi yake huko ni kuwadhuru wadudu wanaokula majani hayo, na kwa muda mrefu wakulima waliitumia kama dawa ya kuua wadudu. Inamdhuru mdudu kwa sababu umbo lake linatosha kwenye mlango wa asetilikolini. Katika mwili wa mwanadamu inafanya vivyo hivyo.

Moshi ukivutwa, nikotini huingia katika damu kupitia mapafu na kufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde kumi hadi ishirini hivi. Ufunguo huu wa bandia unafungua mlango. Lakini kile kimeng'enya kinachoondoa asetilikolini hakina uwezo juu ya nikotini. Mgeni ameingia na hakuna wa kumtoa, isipokuwa ini, ambalo huhitaji kama saa mbili kupunguza kiasi chake katika damu kufikia nusu. Kwa hiyo mlango ukiisha kufunguka, kipokezi huchoka na kufa ganzi: kimeshikwa, lakini hakiitiki tena.

Katika dakika zile za kwanza mambo mengi hutokea. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo hupiga kwa kasi, mishipa ya damu husinyaa. Ndani ya ubongo, seli zilizofunguliwa na nikotini husababisha kumwagwa kwa dopamini katika sehemu ile inayomfundisha mtu kwamba jambo fulani linafaa kurudiwa. Mahali hapo ndipo Muumba alipoweka furaha ya chakula baada ya njaa na ya maji baada ya kiu. Tumbaku inapita mlango huo huo na kujiandikisha miongoni mwa mahitaji ya uhai.

Wengine hudhani hayo ni ya sigara peke yake. Ugoro na tumbaku ya kutafuna hupitisha nikotini katika utando wa pua na kinywa. Kuberi hufanya vivyo hivyo. Shisha pia, hata ikinukia matunda. Maji yaliyomo hayaichuji nikotini ikaisha. Serikali za Tanzania, Rwanda na Kenya zilipiga marufuku shisha kati ya mwaka 2016 na 2017.

Soma 1 Wakorintho 6:12. Paulo anakataa kutawaliwa na kitu chochote. Kwa nini mtawala anayeingia kwa njia ya raha ni mgumu kutambuliwa kuliko yule anayeingia kwa nguvu?

JUMANNE
Seli Zinapojirekebisha

Sigara ya kwanza mara nyingi huleta kizunguzungu na kichefuchefu. Mwili unasema kweli siku ile. Je, ni kitu gani kinachobadilika hata mtu yule yule aanze kuhisi mgonjwa anapoikosa?

Seli haikai kimya inapovamiwa. Vipokezi vyake vikishikwa na kufa ganzi siku baada ya siku, inaongeza idadi yake. Mwaka 1988 watafiti wa Uingereza waliochunguza ubongo wa watu waliokufa waliripoti kwamba wale waliokuwa wavutaji walikuwa na sehemu nyingi zaidi za kushika nikotini kuliko wasiovuta. Baadaye picha za ubongo wa watu walio hai zilithibitisha jambo hilo. Mvutaji wa muda mrefu ana milango zaidi ya ile aliyozaliwa nayo, na kila mlango unangoja ufunguo.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walionyesha kwa picha kwamba pafu moja au mawili ya sigara yalitosha kushika karibu nusu ya vipokezi vikuu vya aina hii katika ubongo, na kuvishika kwa muda wa saa tatu hivi. Sigara nzima ilishika zaidi ya asilimia 88. Sasa fikiri juu ya mvutaji anapolala. Usiku nikotini inapungua. Alfajiri vipokezi vinaanza kuachiliwa, na ni vingi kupita kiasi, vyote vikidai kwa pamoja. Mtu huyo anaamka akiwa na hasira, wasiwasi, mawazo yaliyotawanyika, njaa isiyoshibishwa na chai wala chapati. Anawasha sigara, anatulia, na kusema, “Sigara hunituliza.” Ukweli ni kwamba, kwa sehemu kubwa, imetuliza dhiki iliyoletwa na sigara ya jana.

Soma Warumi 7:15-25. Paulo anamwelezea mtu anayelichukia tendo lile lile analolitenda, na anayeiona sheria nyingine katika viungo vyake. Hapa Paulo hazungumzii tumbaku. Iliwafikia watu wa Ulaya karne nyingi baada yake, na neno nikotini lenyewe latokana na Jean Nicot, balozi wa Ufaransa aliyeipeleka tumbaku kwenye jumba la mfalme wake kutoka Ureno yapata mwaka 1560. Hata hivyo mvutaji anayejaribu kuacha husoma mafungu hayo kana kwamba yameandikwa kutoka nyumbani kwake. Nia iko. Viungo vimefundishwa vingine.

Watu pia hawalingani. Ini la mtu mmoja huivunja nikotini upesi, la mwingine polepole, kwa sababu ya tofauti walizozaliwa nazo. Yule wa upesi huhitaji kuwasha tena mapema, na mara nyingi kuacha kwake ni kugumu zaidi. Ushuhuda wa ndugu anayesema, “Mimi niliacha siku moja tu,” ni wa kumshukuru Mungu. Usifanywe fimbo ya kumchapia jirani yake.

Je, kujua hali ya seli za mtu kunamwondolea wajibu wake mbele za Mungu? Toa sababu za jibu lako.

JUMATANO
Wale Ambao Hawakuwasha

Nikotini huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni, na baada ya kuzaliwa humfikia katika maziwa ya mama. Ubongo wa mtoto huyo bado unajengwa, na asetilikolini ni mmoja wa wasimamizi wa ujenzi. Anayegeuza ishara za msimamizi anaharibu nyumba kabla haijaezekwa. Kwa sababu ya namna hiyo hiyo vijana hunaswa haraka: ubongo wao huendelea kukomaa hadi umri wa miaka ishirini na mitano hivi.

Kuna kundi jingine lisilotajwa sana kanisani. Katika mashamba ya tumbaku ya Tabora, au ya Migori nchini Kenya, mtu asiyevuta kabisa anaweza kutapika, kuumwa kichwa na kuishiwa nguvu baada ya kuvuna majani yaliyolowa umande. Nikotini imepita katika ngozi yake. Huu ni ugonjwa unaojulikana, na watoto wanaosaidia wazazi kuvuna huupata pia.

Soma Habakuki 2:15. Nabii anatamka ole juu ya yule anayemnywesha jirani yake. Swali la mshiriki anayelima tumbaku kwa sababu ndilo zao lenye mnunuzi wa uhakika, tena lenye pembejeo za mkopo, si jepesi. Kanisa linalomwambia aache bila kukaa naye kuhesabu deni lake na ada za watoto halijamaliza kusema.

ALHAMISI
Mguso wa Pili

Soma Marko 8:22-25. Yesu aliweza kumponya kipofu wa Bethsaida kwa neno moja. Kwa nini habari hii ya kuponywa kwa hatua mbili imehifadhiwa katika Injili?

Milango iliyozidi hupungua. Uchunguzi kwa njia ya picha za ubongo umeonyesha kwamba mtu akiacha kabisa, vipokezi vyake hurudi kwenye kiwango cha mtu asiyevuta katika muda wa majuma sita hadi kumi na mawili hivi. Dhiki kali zaidi huja katika siku chache za mwanzo na hupungua katika majuma mawili hadi manne yanayofuata. Linganisha hesabu hiyo na habari ya Sabato. Ndugu yule alionekana nyuma ya duka katika juma la tatu. Washiriki walikuwa wamekwisha kuacha kumtembelea. Seli zake zilikuwa bado zinadai.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari J. Wayne McFarland na mchungaji Elman J. Folkenberg walianza kueneza Mpango wa Siku Tano wa Kuacha Sigara, uliotumiwa na Waadventista katika nchi nyingi. Watu walikutana jioni tano mfululizo. Walishauriwa kunywa maji mengi, kuepuka kahawa na pombe, kutembea baada ya chakula, kuvuta pumzi ndefu hamu inapokuja, na kila mmoja kuwa na mwenzake wa kumwita. Siku tano zilichaguliwa kwa hekima, maana ndizo kali. Lakini hazikuwa mwisho wa safari, na baadaye Kanisa lilitayarisha mpango mrefu zaidi.

Wengine huuliza kuhusu plasta au ubani wa kutafuna wenye nikotini ambao daktari humpa anayeacha. Je, si kubadilisha sanamu moja kwa nyingine? Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na makumi kati yake husababisha saratani. Hizo hazimo katika plasta. Tena plasta hutoa nikotini polepole, bila ule mshtuko wa sekunde kumi unaofundisha ubongo kurudia, na kipimo chake hupunguzwa hadi kuisha. Shirika la Afya Duniani limeziweka dawa hizi katika orodha yake ya dawa muhimu tangu mwaka 2009. Mtu mwenye mguu uliovunjika haitwi mwabudu magongo. Anayebaki na magongo miaka kumi bila haja ana swali lake la kujibu, lakini hilo ni swali la baadaye.

Soma Wagalatia 6:1, 2. Roho ya upole inayotajwa hapo ingeonekanaje saa kumi na moja alfajiri, hamu inapokuwa kali?

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma tena 1 Wakorintho 6:19, 20, na orodha ya majina ya waliobatizwa katika kanisa lako mwaka huu. Weka alama kwa wale ambao darasa lako halijawatembelea tangu siku ya ubatizo.

Maswali ya Kujadili:

Kama dhiki ya kuacha tumbaku hudumu majuma, darasa lako lipange vipi zamu za kumtembelea anayeacha, na nani awe wa kwanza kupigiwa simu usiku?

Baraza la kanisa linapompokea mtu aliyerudia sigara, ni maswali gani yangefaa kuulizwa kabla ya lile la nidhamu?

Mshiriki mmoja anasema kwamba kueleza dhambi kwa habari za seli ni kudhoofisha uwezo wa sala. Mwingine anajibu kwamba aliomba miaka minne, na kilichomsaidia hatimaye kilikuwa sala pamoja na plasta pamoja na shemasi aliyekuja kila asubuhi. Wasikilize wote wawili. Kila mmoja anaona nini ambacho mwenzake hajakiona?