Damu Inapopita Kiasi: Siyo Siri ya Mke Peke Yake



Katika semina za ndoa huku kwetu Migori na Homa Bay, tumezoea kuzungumza juu ya fedha, wakwe na malezi ya watoto. Damu ya mwezi hatuigusi. Mke huificha kwa aibu, na mume huona si mambo yake. Wengine husema ni chira, wakaenda kutafuta manyasi. Wakati huo mama anadhoofika, hawezi kubeba maji wala kusimama sokoni, na chakula kikichelewa anaitwa mvivu. Leo tujifunze jambo hili pamoja.

Kiasi gani ni kupita kiasi?

Mwanamke amwone daktari ikiwa hedhi inazidi siku saba; ikiwa analazimika kubadilisha pedi au kitambaa kila baada ya saa moja au mbili; ikiwa anatoa mabonge makubwa ya damu; au ikiwa anachoka, anasikia kizunguzungu na moyo unamwenda mbio. Dalili hizo za mwisho ni za upungufu wa damu, ambao malaria huuzidisha.

Sababu ni nyingi: uvimbe katika mfuko wa uzazi, mimba kuharibika, au homoni kutokaa sawa. Lakini iko moja isiyofikiriwa sana, yaani damu isiyoganda vizuri. Mwaka 1926 daktari wa Ufini, Erik von Willebrand, aliandika juu ya jamaa moja ya visiwa vya Åland ambayo binti yao alifariki kwa damu ya hedhi. Ugonjwa huo, ambao leo unaitwa kwa jina lake, hurithiwa kutoka kwa baba au mama, na huwapata wanaume na wanawake.

Basi ulizaneni nyumbani. Je, mama hutokwa na damu puani mara kwa mara? Aling'olewa jino, damu ikakataa kukoma? Mama yake au dada zake walipoteza damu nyingi walipojifungua? Mwelezeni daktari. Ataanza kwa kupima damu, na ikibidi atawatuma hospitali kubwa zaidi, kama ile ya Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu. Kabla ya hapo, mama asimeze aspirini, kwa maana huzidisha kutoka damu.

Je, vidonge vya homoni ni dhambi?

Tiba ipo. Kuna vidonge vya madini ya chuma vya kurudisha damu, kuna asidi ya traneksamiki inayosaidia damu iliyoganda isiyeyuke upesi, na mara nyingine daktari huandika vidonge vya homoni, vile vile vinavyotumiwa kupanga uzazi. Hapo Wakatoliki wengi hushtuka, na wengine huacha dawa.

Mafundisho ya Kanisa yako wazi. Papa Paulo VI, katika Humanae Vitae ya mwaka 1968, kifungu cha 15, alifundisha kwamba si haramu kutumia tiba inayohitajika kuponya ugonjwa wa mwili, hata kama inajulikana itazuia mimba, mradi kuzuia mimba siyo shabaha yenyewe. Mke anayemeza dawa ili damu ipungue hatendi dhambi. Mume asimnyang'anye.

Hata hivyo, vidonge hivyo visiazimwe kwa jirani. Baadhi huweza kufanya damu igande ndani ya mishipa. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao ni mwingi pande hizi za ziwa, au aliyewahi kuganda damu mguuni, amwambie daktari mapema. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, aende hospitali saa hiyo hiyo.

Wakati wa kujifungua

Hapa ndipo hatari ilipo kubwa. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga walipopima damu kwa plastiki yenye alama iliyowekwa chini ya mama, wakatoa tiba zote kwa pamoja bila kungoja, madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60. Dawa ya traneksamiki nayo yafaa itolewe kabla ya saa tatu kupita tangu kujifungua. Damu haingoji kikao cha wazee. Mama ajifungulie hospitalini, na mume aweke tayari nauli, gari na ndugu wa kutoa damu.

Mwanamke wa Injili (Marko 5:25-34) aliteseka miaka kumi na miwili, akamaliza mali yake yote. Alimwendea Yesu kwa siri, akiogopa. Yesu hakumfukuza, alimwita binti. Mke wako asilazimike kukujia kwa kuogopa.

Maswali ya kujadiliana

1. Mume, je, unajua hedhi ya mke wako huchukua siku ngapi?
2. Katika jamaa zetu mbili, ni nani aliyewahi kutokwa na damu kupita kiasi?
3. Usiku wa dharura, tutampigia nani simu kwanza?